Mwanangu, kuhusu huyo mtoto wenu asiyelala

Assalam alaykum mwanangu,

Ile voisi yako ya saa tisa usiku nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza nilikuwa bado kitandani hata alfajiri haijaadhiniwa, na nyuma ya sauti yako namsikia mjukuu wangu analia na mkeo anasema basi nipe mimi. Umeniuliza kitu kimoja tu, ati baba mtoto ana miezi mitatu na nusu, tumwache alie mpaka azoee kulala mwenyewe ama tuendelee kumbeba usiku kucha, na nyinyi mlifanyaje na sisi. Nikaona nikikupigia nitasema haraka haraka nisahau nusu, bora nikuandikie usome pole pole na mkeo umsomee.

Jibu nakupa hapa mwanzo usije ukasinzia kabla hujalifikia: kwa umri huo la, msimwache. Lakini pia sio kila akitoa sauti mumrukie kumnyanyua. Kuna kitu hapo katikati na hicho ndicho nataka kukueleza, maana mimi nilikijua kwa kukosea, na aloumia kwa kosa langu ni wewe.

Januari ya 1994 tulikuwa twakaa Majengo hapa Mombasa, vyumba viwili, wewe una miezi mitano, kaskazi imekolea, joto hata ukuta waushika unatoa moto. Mimi nilikuwa bandarini nahesabu mizigo, wiki mbili usiku wiki mbili mchana, na wiki hiyo ya mchana nikirudi nataka kulala tu. Ukawa hulali usiku. Kazini kulikuwa na mzee mmoja tukimheshimu sana, akaniambia mtoto ukimshika kila akilia atawatawala, mwacheni siku tatu atanyooka. Nikaja nyumbani nikamwambia mamako leo hamna kumbeba. Ukaanza kulia saa nne. Mamako akainuka nikamshika mkono nikamkalisha. Alikaa kizingitini maziwa yanamtoka yenyewe leso yote imeroa, hasemi kitu, analia na yeye. Karibu na saa sita ukanyamaza ghafla, na mimi nikamwambia waona, ameshazoea.

Asubuhi leso uliyolalia ina usaha na damu kidogo, sikio la kushoto. Tukakukimbiza hospitali na daktari akatueleza kwamba usaha ulikuwa umejaa ndani, sikio la hivyo huuma zaidi mtoto akilazwa, na kiwambo cha sikio kilipopasuka usaha ukapata njia ndipo maumivu yakashuka. Kwa hivyo ule ukimya wa saa sita hukuwa umezoea kitu, ni sikio lilikuwa limetumbuka. Lilipona alhamdulillah na wasikia vizuri mpaka leo, lakini mamako hakunisema hata neno moja mpaka amezeeka, na mimi ule mkono niliomshika bado naukumbuka.

Sasa usichukue hadithi hiyo ukaenda upande wa pili, kwa sababu hata mimi nilienda. Baada ya sikio nikawa ukikohoa tu nishakubeba. Nyanya yako, mamangu, alikuja kukaa na sisi mwezi mzima na ndiye alonifunza. Usiku mmoja ukakunja uso, ukatoa kamlio kama mbuzi mdogo, ukarusha miguu, mimi nishasimama, nyanya akanivuta shati akasema ngoja, huyo hajaamka. Tukangoja. Ukanung'unika kama dakika moja hivi, ukapumua kwa nguvu, ukaendelea na usingizi wako. Nilishangaa kwa sababu usiku mingapi nimekunyanyua hapo hapo, kumbe mimi ndiye nakuamsha.

Hilo madaktari siku hizi wanalieleza wazi. Usingizi wa mtoto mchanga ni wa mizunguko mifupi, kama dakika 50 mpaka saa moja, na sehemu kubwa ya usingizi wenyewe ni ule mwepesi, anajinyonganyonga, anacheka, anakunja uso, mara nyengine analia kidogo na macho yamefumba. Kwa hivyo akitoa sauti usiku usiwashe taa, usimsemeshe, sogea tu umsikilize. Dakika moja, mbili. Weka mkono kifuani kwake. Kama ni usingizi atarudi mwenyewe, kama ni kilio cha kweli utajua maana hakishuki, kinapanda. Cha njaa huanza na kutafuta tafuta na kulamba vidole, hukija kikali basi ujue umechelewa. Cha chango anakunja miguu tumboni na tumbo gumu. Cha maumivu huja ghafla, kikali, anashika pumzi katikati, na hicho nakwambia ukikisikia hutauliza mtu, mwili wako utasimama wenyewe. Usijali kama leo vyote vyakusikia sawa, mimi ilinichukua wiki na nyanya yako pembeni yangu.

Lakini nadhani la mtoto wenu ni jambo jengine na sijui kama mumeliangalia. Wewe umesema alikuwa afadhali, ameharibika hizi wiki mbili. Hizi wiki mbili si ndio mkeo amerudi kazini? Miezi mitatu ya likizo yake imeisha, mtoto anashinda na dada wa kazi hamuoni mamake toka asubuhi mpaka jioni, sasa nyonyo za mchana anazitafuta usiku. Watoto wengi hufanya hivyo mama akirudi kazini. Sio ujeuri wala hajadeka, anafidia maziwa na anafidia mama. Ukimwacha alie hapo wamfundisha nini? Afadhali mkeo akifika tu nyumbani avue viatu alale naye kitandani amnyonyeshe kabla ya kushika sufuria, hiyo sufuria ushike wewe, na amnyonyeshe tena vizuri kabla ya kulala. Na dada mumuulize mchana anakunywa maziwa kiasi gani kwa kikombe, pengine ananywa kidogo sana, na maziwa yenyewe yakishakamuliwa yaingie friji maana kwa joto letu hayakai nje.

Ile makala uliyonitumia ya utafiti wa Melbourne, kule Australia, nimeisoma yote, ile ya 2012. Nimeona uko sawa, walianza na watoto 326, wengi wao wakawafuata mpaka wakafika miaka 6 na hawakuona tofauti, waliofundishwa kulala na wasiofundishwa wote sawa, wala hawakuwachukia wazazi wao wala hawakuwa na tabia mbaya zaidi. Sibishani na hilo. Lakini umesoma umri wao? Walikuwa wa miezi 7 walipoingizwa, sio mitatu na nusu. Na hawakuambiwa wafunge mlango waondoke, manesi waliwafunza wazazi ama kutoka na kurudi kumtuliza kila baada ya muda kidogo, ama kukaa karibu na kitanda mpaka alale na kila siku kusogea mbali kidogo. Hiyo yangu ya mwaka 94 haimo humo.

Mtoto wa miezi mitatu na nusu saa yake ya ndani, ile ya kujua huu mchana huu usiku, ndio kwanza inaanza kushika. Tumbo lake dogo, maziwa yanashuka haraka, kuamka usiku anyonye ni haki yake. Na lile la kulia kwa jumla mbaya zaidi huwa kwenye wiki ya 6 hivi halafu hupungua kufikia miezi mitatu minne, hiyo mushaivuka mwanangu, jipeni moyo.

Kwa sasa hivi anzeni tu kumpangia usiku. Magharibi ikiingia punguzeni taa na hiyo tv, mumuogeshe maji ya vuguvugu, nyonyo, mumpige piga mgongoni mpaka apige mbweu, alazwe akiwa amelegea lakini bado macho. Asipokubali mbebe, kesho jaribu tena. Alale chali, kwenye godoro gumu lisilo na mito, chumba chenu hicho hicho angalau mpaka afike miezi 6, ndani ya neti. Na nimeona ile picha mumemvisha kofia na soksi na blanketi juu, hapa Mombasa! Mtoto akiona joto halali hata umuimbie mpaka asubuhi. Nepi na fulana nyepesi zamtosha, feni isimpige usoni, na stima ikipotea fungueni madirisha.

Akishafika miezi 6 au 7, anakua vizuri, kliniki wamempima uzito hawana neno, hapo mkitaka kumzoesha nitawaunga mkono na hata mamako akigombana na nyinyi nitasimama upande wenu. Tandika mkeka kando ya kitanda chake ukae. Anung'unike, alalamike, akasirike, wewe upo, mkono wako upo, sauti yako anaisikia. Siku ya kwanza itakuwa ndefu. Kilio cha mtoto aloshiba, hana homa, anakuona na amekasirika tu kwa sababu hukumbeba, hicho waweza kukistahimili bila dhambi. Ila akiwa ana mafua, anatoa meno, ametoka kudungwa sindano, ama mumehama chumba, acheni mpaka apoe.

Uji msimpe bado hata jirani akisema ukimpa uji atalala, mpaka miezi 6 ni nyonyo tu. Na hili namwambia mkeo amwambie dada bila kuona haya: dawa ya mafua haipewi mtoto ili alale. Najua nyumba zinafanya, na watoto wamelala wasiamke. Mvuje mamako akitaka kumfunga mkononi mwacheni amfunge, ila asinusishwe puani wala asinyweshwe.

Homa ikifika 38, ama anakataa nyonyo, anapumua mbio mbio, analegea, ama kilio kimegeuka kikawa chembamba ambacho si chake, hapo hamna tena habari ya kuzoesha, ni kubeba mtoto na kwenda, saa yoyote iwayo, na ukikosa tuktuk unipigie mimi nitakuja na gari ya jirani.

Jambo la mwisho ni lako wewe. Kwenye ile voisi umesema, ukaipitisha haraka kana kwamba sitasikia, kwamba juzi ulimtikisa kidogo. Nimesikia. Mwanangu usirudie tena hata kidogo, shingo yake haijashika sawasawa na ubongo wa mtoto ukitikiswa huvuja damu ndani. Sikuhukumu, mimi najua saa tisa ya usiku mtu anakuwa nani. Ukihisi mikono imeanza kutetemeka mlaze chali kitandani kwake, funga mlango, toka kwenye veranda, tia maji usoni, keti dakika tano hata kumi umpigie mkeo ama unipigie mimi. Mtoto wa umri wowote hapo anaachwa alie, na ni salama yake. Hiyo ndio mara moja nitakayokwambia mwache.

Na mugawane usiku, msiamke wote wawili kwa pamoja kama mnavyofanya. Toka saa tatu mpaka saa nane mmoja, saa nane mpaka alfajiri mwengine, asiyekuwa na zamu alale chumba chengine na pamba masikioni. Zamu yako ikiwa mtoto anataka nyonyo mpelekee mamake anyonye halafu mrudishe wewe, mbweu na nepi ni zako.

Ijumaa baada ya isha mje hapa mulale. Nyinyi chumba cha ndani, mimi nitakuwa na mjukuu wangu ukumbini kwenye feni, akitaka kunyonya nitagonga mlango na nisipogonga msitoke. Mwambie mkeo aje na ile leso yake aliyoilalia wiki nzima, asiifue, mtoto apate harufu ya mamake.

Babako