Seta inayojiita yenyewe

SWALI: Shikamoo Fundi. Naandika programu ya Python ya kutunza daftari la kikoba chetu. Kila kikao mwanachama hununua hisa 1 hadi 5, si zaidi. Aliyenifundisha Java alinizoesha kila sehemu ya klasi iwe na geta (kipande cha msimbo cha kusoma thamani yake) na seta (cha kuiandika), nami nimetii. Sasa nikiandika juma.hisa = 3, programu inakufa na kutoa RecursionError. Nimekosea wapi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Ndani ya seta yako, naweza kuapa, umeandika self.hisa = idadi. Jina hisa ndilo lenye seta, kwa hiyo kuliandikia humo ni kuiita seta upya, nayo inajiita tena na tena, hadi Python inakata tamaa kwenye miito kama 1000. Tunza thamani kwa jina jingine: self._hisa = idadi, na geta irudishe self._hisa. (Hicho kistari cha chini ni adabu tu, mkorofi akitaka ataigusa.) Kabla ya kutunza, pima: ikiwa chini ya 1 au juu ya 5, toa ValueError, yaani kosa la thamani isiyofaa. Na kwenye __init__, inayoendeshwa mwanachama anapoundwa, andika self.hisa bila kistari, ili hata mwanachama mpya apitie mlango huohuo.

Geta na seta za jina na namba ya simu zifute zote. Hazilindi chochote. Kwenye Java watu huziweka mapema kwa hofu ya haki: ukihitaji sharti baadaye, utabadilisha kila mahali panapogusa sehemu hiyo. Python haina hofu hiyo: tangu toleo la 2.2 la mwaka 2001 ina property, inayokuwezesha kuongeza geta na seta baadaye huku sehemu ikitumika kwa jina lilelile. Niliwahi kuandika programu ya duka la saruji, mifuko.idadi ikiwa wazi kabisa, mpaka siku muuzaji alipoingiza -40. Jioni ile niliongeza @property na seta yake. Mafaili mengine yote yaliyotumia mifuko.idadi sikuyagusa.

Umeniambia hisa, lakini salio je? Hilo usilitengenezee seta. Liachie geta peke yake, kisha andika weka() na toa() zinazorekodi tarehe na kiasi. Mtu akijaribu juma.salio = 500000 atapigwa AttributeError, yaani kosa la kugusa sehemu isiyoruhusiwa kuandikwa. Mweka hazina akinung'unika, mwambie aandike muamala.