Kurudi ukadeti wa Civil Air Patrol baada ya kuacha: hesabu wiki kwanza

Dada uliyeuliza, nimekuelewa hivi: kijana ana miaka 16, aliacha Civil Air Patrol mwaka jana akiwa na cheo cha Senior Airman, sasa anataka kurudi, na baba yake anaona ni kupoteza muda na pesa. Kabla hamjaendelea kubishana, angalieni mambo mawili: kilichomtoa, na wiki alizobakiwa nazo kabla ya kutimiza 18. Hamu peke yake haitoshi. Hamu huja akiona picha za wenzake wakiwa kambini, ikapoa baada ya mikutano mitatu.

Kwa wasioifahamu, hii ni taasisi ya kujitolea ya Marekani iliyoanzishwa Desemba 1941, na ni msaidizi wa Jeshi la Anga la huko. Kijana hujiunga akiwa na miaka 12 na kabla hajafikisha 19, kisha anaweza kubaki kadeti hadi atimize 21. Haimfungi mtu kuingia jeshini.

Tuanze na wiki, maana hapo ndipo wengi hukosea. Kadeti hupanda vyeo kwa hatua, na Senior Airman ni hatua ya tatu. Kati ya hatua moja na nyingine lazima zipite angalau siku 56, yaani wiki nane. Tuzo ambayo familia nyingi huilenga ni ya Billy Mitchell, inayompa kadeti cheo cha luteni wa pili. Na akija kujiandikisha Jeshi la Anga, anaanzia daraja la tatu la askari (E-3) badala ya la kwanza. Kutoka alipoishia kijana wako zimebaki hatua saba: tuzo ya Wright Brothers, hatua ya nne hadi ya nane, halafu Mitchell yenyewe. Saba mara nane ni wiki 56, na hapo hajafeli mtihani hata mmoja wala kukosa mkutano kwa ajili ya mitihani ya shule. Mimi ningeweka mwaka mmoja na nusu. Kama ana miaka 16 na miezi miwili, nafasi ya kuipata kabla ya 18 ipo. Kijana anayekaribia 17 na nusu bado anaweza kurudi, ila Mitchell itamkuta na kama miaka 19, kwa hiyo asirudi kwa sababu yake tu.

Kuna na safari za ndege. Kila kadeti ana haki ya kuruka bure mara tano kwa ndege ya injini akiwa kiti cha mbele, na mara tano kwa glaida (ndege isiyo na injini), lakini haki hiyo inakoma siku anapotimiza miaka 18. Ulizeni amesharuka mara ngapi. Kama bado zimebaki nyingi, hiyo peke yake ni sababu nzuri ya kurudi sasa kuliko mwakani.

Kambi ndiyo inayokwamisha watu. Bila kuhitimu kambi ya mafunzo, ambayo kwa kawaida huchukua kama wiki moja, Mitchell haipatikani hata awe amefaulu kila kitu kingine. Majimbo mengi huifanya kiangazi, na maombi hupokelewa miezi kadhaa kabla. Akirudi mwezi Juni akidhani ataingia kambi ya Julai, huenda akasubiri mwaka mzima. Ada yake ulizeni mapema, pamoja na msaada wa fedha; upo kwa kadeti wanaokwenda kambini mara ya kwanza.

Sasa kilichomtoa. Kama ni ratiba, mfano mazoezi ya mpira yaligongana na mkutano wa Jumanne, dawa ni rahisi: tafuteni kikosi kingine kinachokutana siku nyingine. Miji mikubwa huwa na vikosi kadhaa, na kuhama kunaruhusiwa. Kama alichoka kukariri na kupiga kwata, amwombe kamanda kazi halisi, kama timu ya utafutaji wa ardhini au kundi la kubeba bendera. Lakini kama alionewa au kudhalilishwa na kadeti wakubwa, msimrudishe kimyakimya. Zungumzeni na kamanda mtu mzima, kijana akiwepo, na mkiona anakwepa, nendeni kikosi kingine. Uonevu umekatazwa kabisa, na mzazi ana haki ya kukaa kwenye mkutano na kuangalia. Hapo sitaki mtu akuambie ni kumkomaza mtoto.

Mkishaamua, aende kwanza kama mgeni kwenye mkutano mmoja kabla hamjalipa chochote. Hauzidi sana saa mbili na nusu. Asivae sare, maana uanachama umekwisha. Kamanda amtafute kwenye eServices, mfumo wa mtandaoni wa kumbukumbu za wanachama, kwa namba yake ya zamani, ahakikishe hatua alizomaliza zimeandikwa. Kama kuna cheti mlichonacho nyumbani ambacho mfumo hauna, kibebeni, kwa sababu kumtafuta aliyesimamia mtihani mwaka juzi ni kazi.

Matokeo ya mazoezi ya viungo hudumu siku 180 tu, kwa hiyo ya zamani yamekufa. Akishavuka Wright Brothers, kushiriki tu hakutoshi, lazima afikie kiwango cha umri wake: mbio, na mawili kati ya matatu haya, yaani kujikunja tumbo, pushapu, na kunyoosha mwili akiwa amekaa. Mbio zinaweza kuwa za kwenda na kurudi mita 20 kwa kufuata mlio unaozidi kuharakisha. Wengi hushindwa kwa kuchomoka kasi mno dakika ya kwanza. Aanze kujizoeza wiki sita kabla.

Suruali na viatu vya mwaka jana huenda havimtoshi. Vikosi vingi vina kabati la sare zilizotumika; ulizeni huko kabla ya kuagiza mpya.

Jambo ambalo huwatoa tena wanaorudi ni vyeo. Aliowafundisha kufunga viatu sasa ni masajini, na watamwamuru asimame mstarini. Mwambie wazi kabla hajaenda, kisha umsikilize anavyojibu. Akisema "sawa, nitawafikia," lipa ada. Akianza kuhesabu nani hakustahili, mpe miezi miwili afikiri.

Ukiandika hapa tarehe yake ya kutimiza 18 iko mwezi gani na kikosi hukutana siku gani, nitakupangia hizo wiki 56 moja moja.