Maswali ya Wasomaji: Kikoa ni cha Nani Kati ya Wabia?

Mwezi huu maswali ya wasomaji yanajibiwa na mtengenezaji wa tovuti anayefanya kazi zake Mji Mkongwe, Unguja. Barua tatu tulizozichagua zote zinahusu ubia wa biashara na namna biashara inavyoonekana kwenye injini za utafutaji.

Swali: Assalaamu alaykum, fundi. Mimi na ndugu yangu tunawatembeza wageni katika mashamba ya viungo huko Kizimbani na Kidichi. Mwanzo tulitegemea mapapasi (madalali wa wageni) wa Forodhani na mapokezi ya hoteli, na kamisheni ikatumaliza. Kijana mmoja hodari wa kompyuta akatutengenezea tovuti bila ya malipo, kwa sharti kwamba awe mbia wetu kwa asilimia 30 ya faida. Leo mgeni akitafuta ziara za viungo kwenye Google anatuona, na wengi wanaweka nafasi moja kwa moja kwetu. Mkataba wa maandishi hatuna. Wiki iliyopita tulitofautiana kuhusu hesabu, naye akasema kwamba tovuti ni yake na akiondoka ataondoka nayo. Je, anaweza? (Msomaji wa Mwera, Unguja)

Jibu: Waalaykumu ssalaam. Kabla ya mengine, naomba mtazame leo hii jina lenu la kikoa, yaani ile anuani iliyochapwa kwenye kadi mnazowapa wageni, limesajiliwa kwa jina la nani, na barua pepe inayopokea taarifa za malipo yake ni ya nani. Ikiwa vyote viwili ni vya kijana huyo, basi kwa vitendo anaweza kuondoka na tovuti usiku wa leo, awe ana haki au hana, na nyinyi mtabaki na kesi. Ikiwa ni vyenu, atakachoondoka nacho ni kazi ya mikono yake, na kazi hiyo fundi mwengine huirudia kwa wiki mbili tatu.

Wengi hudhani kwamba thamani ya tovuti iko kwenye kurasa, picha na rangi, kumbe sehemu kubwa iko kwenye jina. Google ilipoanzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, fikra iliyowatofautisha na wenzao ni kwamba kiungo kinachotoka ukurasa mmoja kwenda mwengine ni ushahidi, na kwamba ushahidi wa ukurasa ambao wenyewe unashuhudiwa na wengi una uzito zaidi kuliko wa ukurasa usiojulikana. (Nasema viungo vya mtandao, si vya pilau, kwa biashara kama yenu maneno haya mawili yatagongana mpaka mwisho wa jibu langu.) Jambo hili sisi tunalijua kwenye posa. Kijana akileta posa, wazee hutuma watu mtaani kwake kuulizia, na neno moja la imamu wa msikiti anaosali hushinda sifa za marafiki kumi wanaoshinda naye barazani. Tangu mwaka ule Google imeongeza vigezo vingi mno, lakini kuulizia huko bado kupo, na kila sifa inayopatikana huandikwa kwenye jina la kikoa. Mwandishi wa safari aliyeko Ujerumani akiwataja katika makala yake na kuweka kiungo, au hoteli ya Matemwe ikiwaelekeza wageni kwenu kupitia tovuti yake, sifa hizo zinakwenda kwenye anuani ile ile. Mkilazimika kuanza kwa jina jengine, mtakuwa kama watu waliohamia mtaani jana.

Somo hili mimi nililisoma kwa hasara. Katika miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilikuwa na mbia, tukatengeneza tovuti ya nyumba za kupangisha za Paje na Jambiani. Yeye ndiye aliyesajili jina, kwa barua pepe yake, kwa sababu tu siku ile kadi yake ya benki ilikubali malipo ya dola na yangu ilikataa. Baadaye akaenda Muscat kutafuta maisha, akaacha kuitumia barua pepe ile, na taarifa za kulipia kikoa zikawa zinaingia kwenye sanduku lisilofunguliwa na mtu. Jina linaloishia na .com likipitwa na muda, msajili, yaani kampuni inayouza majina ya kikoa, kwa kawaida humpa mwenyewe siku kadhaa za kulilipia. Kisha huja siku 30 za kulikomboa kwa ada kubwa zaidi, kisha siku 5 za mwisho, na baada ya hapo ni la yeyote atakayewahi. Siku zote hizo zilitupita tukiandikiana na msajili, ambaye alitaka uthibitisho kutoka kwenye barua pepe ambayo mbia wangu alikwisha kusahau nywila yake. Aliyelinunua jina akalijaza matangazo ya kamari. Alhaji mmoja wa Jambiani, mwenye nyumba mbili kwenye tovuti yetu, akanipigia simu na kuniuliza kwa sauti ya chini kama nimebadilisha biashara.

Mbia wangu hakuwa mwizi, na huenda kijana wenu naye si mwizi. Mpango wenu unafanana na mudharaba, ambayo wengi wetu tunaijua kutoka darsani na kutoka benki za Kiislamu: mmoja anatoa mali, mwengine anatoa kazi, faida inagawanywa kwa kiasi walichokubaliana, na hasara ikitokea mwenye mali hupoteza mali na mwenye kazi hupoteza jasho. Kijana alitoa jasho kabla hajaona senti, na itakuwa dhuluma kumgeuza kibarua leo kwa kuwa wageni wamekuja. Asilimia 30 kwa maoni yangu si nyingi kwa mtu aliyewatoa mikononi mwa mapapasi. Tatizo ni kwamba hamkusema asilimia 30 ya nini. Je, ni ya wageni waliokuja kwa njia ya tovuti tu, au hata ya wale wanaoletwa na dereva wa teksi kutoka uwanja wa ndege? Ni baada ya kutoa mafuta ya gari na ujira wa mkulima anayewamenyea wageni mdalasini na wa kijana anayepanda mnazi, au kabla? Ni kwa miaka mingapi? Na yeye anadaiwa nini kila mwezi? Swali hili la mwisho ndilo husahauliwa zaidi, maana tovuti haitengenezwi ikaisha. Bei hubadilika, programu huhitaji kusasishwa, na siku hizi Google huisoma tovuti kwa sura yake ya kwenye simu, kwa hiyo ukurasa unaofunguka vizuri kwenye kompyuta ya fundi na kukwama kwenye simu ya mgeni aliyeko Nungwi unawadhuru hata kama hamjauona.

Kuna na upande wa sheria, ambao wakili ataueleza vizuri kuliko mimi. Hukueleza kama mmesajili biashara yenu. Ubia ambao haukusajiliwa kuwa kampuni una hatari yake, kwani mdai anaweza kumfuata mbia mmoja kwa deni lote la biashara. Huku kwetu kazi ya kusajili biashara ni ya Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar, ambao wengi tunauita BPRA. BRELA ni ya Bara, na nimeshakutana na watu waliopoteza muda kwa kujaza fomu za huko.

Nawaomba msimvizie kijana kwa kubadilisha nywila usiku. Mkaeni naye, mwandike kwamba ni mbia na kwa kiasi gani, na katika karatasi hiyo hiyo naye akubali kwamba kikoa kitahamishiwa kwenye akaunti ya biashara, kwa barua pepe ambayo wote watatu mnaweza kuifungua. Kuhamisha kwa msajili mwengine kunahitaji msimbo wa uhamisho, ambao mwenye akaunti huutoa kwa dakika chache akitaka. Akaunti ya Search Console ya Google, ambayo ni ya bure na huonyesha watu waliandika maneno gani kabla ya kukufikieni, ithibitishwe kwa jina la biashara, yeye aongezwe kama mtumiaji. Hali kadhalika wasifu wenu kwenye Ramani za Google, wenye maoni ya wageni, ambao kwa biashara ya ziara mara nyengine una faida kuliko tovuti yenyewe. Andikeni pia picha na maandishi ni mali ya nani. Na akitokea mtu wa kusema kwamba kuandikiana baina ya ndugu ni kukosa kuaminiana, mkumbusheni kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, ni ya kuandikiana madeni.

Swali: Mimi nina nyumba ndogo ya wageni hapa Wete, Pemba. Bwana mmoja ameniahidi kwamba kwa shilingi laki tano atanifikisha ukurasa wa kwanza wa Google ndani ya mwezi mmoja. Wakati huo huo, wenye hoteli kadhaa wa Unguja na Bara wananialika katika "ushirikiano" ambao kila mmoja anaweka kwenye tovuti yake ukurasa wa washirika wenye viungo vya wengine wote. Nichague lipi? (Bi wa Wete)

Jibu: Bibi yangu, usichague hata moja. Google yenyewe imeandika wazi kwamba hakuna mtu anayeweza kumdhamini mwengine nafasi ya kwanza, na kwamba kazi nzuri ya kuiboresha tovuti huchukua miezi minne hadi mwaka kabla matunda yake kuonekana. Inawezekana bwana huyo anakusudia kukununulia tangazo, ambalo hukaa juu ya matokeo likiwa na alama ya kudhaminiwa na kutoweka fedha zinapokwisha. Hilo si haramu, lakini alitaje kwa jina lake. Inawezekana pia atakupeleka ukurasa wa kwanza kwa maneno ambayo hakuna anayeyatafuta, kama vile jina la nyumba yako likifuatiwa na jina la mtaa wako, na hapo atakuwa ametimiza ahadi na wewe hukupata mgeni.

Ama ukurasa wa washirika, umetajwa hasa katika masharti ya Google dhidi ya udanganyifu: kubadilishana viungo kupita kiasi, na kurasa za washirika zilizotengenezwa kwa ajili ya kuunganishana tu. Mwezi wa Aprili 2012 Google ilianzisha mfumo uitwao Penguin, ambao ulizishusha tovuti nyingi zilizokuwa zikiishi kwa viungo vya kununua na vya kupeana. Siku hizi mara nyingi viungo vya namna hiyo hupuuzwa tu, kwa hiyo huenda usidhurike sana. Utakuwa umepoteza muda na kuweka kwenye tovuti yako majina ya hoteli ambazo hujawahi kulala. Anayekulipa fedha ili umuwekee kiungo, unaweza kumuwekea, ila kiwe na alama inayoiambia injini kwamba kimelipiwa, na alama hiyo ipo tangu mwaka 2019.

Ubia unaofaa kuonyeshwa ni ule ambao tayari unao bila kuuita hivyo. Nahodha anayewachukua wageni wako kwenda kisiwa cha Misali, na kijana anayewaongoza katika msitu wa Ngezi kutazama wale popo wakubwa ambao hawapatikani popote duniani isipokuwa Pemba, waandikie kila mmoja ukurasa wake, ueleze safari inaanza saa ngapi, mgeni avae nini, alipe nini. Kisha andika ukurasa mmoja wa namna ya kutoka bandari ya Mkoani mpaka mlangoni kwako: gari zinapatikana wapi, safari inachukua muda gani, mtu aliyeshuka boti usiku afanye nini. Mimi binafsi, nilipokuwa nikimtafutia mgeni wangu maelezo hayo, nilipata kurasa nyingi za kusifu fukwe na sikupata hata moja iliyoniambia gari iko upande gani wa geti.

Swali: Tulikuwa wawili hapa Jambiani, tukiuza sabuni za mwani na mafuta ya nazi kwa tovuti moja. Tumeachana kwa salama: mimi nimebaki na sabuni, mwenzangu na mafuta, kila mmoja na jina lake jipya. Nifanye nini nisipotee kwenye Google? (Mama wa sabuni, Jambiani)

Jibu: Hongera kwa kuachana vizuri, jambo ambalo silioni mara nyingi katika kazi hii. Msilizime jina la zamani. Mwambieni fundi aweke uelekezaji wa kudumu, ambao mafundi huuita 301, ukurasa kwa ukurasa: za sabuni zije kwako, za mafuta ziende kwa mwenzako. Ukurasa wa mwanzo uwe na maneno mawili ya kueleza na viungo viwili. Kosa la kawaida ni kuelekeza kurasa zote kwenye ukurasa wa mwanzo wa tovuti mpya, na hapo mteja aliyetafuta sabuni ya mwani na mkaratusi anaangukia mahali asipopajua, na Google nayo huuhesabu ukurasa ule kuwa haupo. Kile chombo cha kubadilisha anuani kilichomo Search Console hakitawafaa, kwa kuwa huhamisha tovuti nzima kwenda jina moja.

Uelekezaji huo uachwe kwa mwaka mmoja usiopungua, na ukiweza kuuacha zaidi ni bora. Wakati huo waandikie wenye tovuti zilizokuwa zikikutajeni, mmoja mmoja, uwaombe wabadilishe kiungo. Na katika karatasi yenu ya kuachana ongezeni mstari unaosema nani atalilipia jina la zamani kwa muda wote huo. Kwa kuwa fedha yenyewe ni ndogo, mimi ningelilipia mwenyewe, na nyaraka za usajili zikakaa kwangu.