Muulize Fundi: Moshi, Kelele na Ukaguzi wa Pikipiki Ulaya

Barua za mara hii karibu zote zimezungumzia jambo moja: ukaguzi na sheria za moshi kwa sisi tunaoendesha pikipiki Ulaya. Nimechagua tano. Kabla hujaendelea, chukua kadi ya pikipiki yako uiweke mezani, kwa sababu nitakurudisha kwenye kadi hiyo mara nyingi.

Shikamoo mama fundi. Nipo Hamburg. Nimenunua pikipiki ya mwaka 2008, 600cc, ikiwa tayari imefungwa ekzosi ya kampuni nyingine, yenye mlio mnene. Nimeipeleka kwenye ukaguzi nikanyimwa stika. Karatasi inasema ekzosi haina idhini na kaboni monoksaidi imezidi. Aliyeniuzia anasema injini imechoka, nifungue kichwa. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Usifungue chochote. Karatasi uliyopewa ina makosa mawili, lakini chanzo chake huenda ni kimoja.

Ujerumani pikipiki hukaguliwa kila baada ya miaka miwili. Tangu tarehe 1 Aprili 2006 ukaguzi huo unapima pia moshi, kwa pikipiki zote zilizosajiliwa mara ya kwanza kuanzia Januari 1989. Mkaguzi anaingiza mrija kwenye bomba na kusoma asilimia ya kaboni monoksaidi. Pikipiki ya zamani isiyo na katalisti, yaani kifaa cha kusafisha moshi ndani ya ekzosi, inaruhusiwa kufika asilimia 4.5. Yenye katalisti na kihisi cha oksijeni inabanwa zaidi, mpaka chini ya asilimia moja. Sasa ya kwako ni ya 2008, maana yake ilizaliwa chini ya Euro 3, kiwango cha Ulaya cha moshi ambacho namba yake ikipanda masharti yanakaza, na katika pikipiki nyingi za kipindi hicho katalisti imo ndani ya ile sehemu ya nyuma ya ekzosi, ile ile iliyofunguliwa ikatupwa ili upate mlio mnene. Injini yako inatoa moshi uleule iliokuwa ikitoa siku zote, ila kilichokuwa kikiusafisha hakipo tena.

Chuchumaa uangalie ubavu wa ekzosi. Ekzosi halali ina muhuri uliogongwa kwenye chuma, herufi E ndani ya duara au e ndani ya mstatili, ikifuatiwa na namba ya nchi iliyotoa idhini: 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 3 Italia. Kama hakuna muhuri, hakuna cha kujadiliana na mkaguzi. Na hata muhuri ukiwepo, idhini ni ya aina fulani ya pikipiki, si ya kila pikipiki ambayo bomba linaingia. Angalia pia mdomoni mwa bomba kama kile kizibo cha kupunguza sauti bado kimo. Wengi hukichomoa wakasahau kwamba idhini ilitolewa kikiwa ndani.

Tafuta ekzosi ya asili, iliyotumika, ya modeli yako hasa. Wapo watu wengi waliobadilisha za kwao na ya asili imelala stoo. Ukishaifunga, safisha au badilisha chujio cha hewa, angalia plagi, halafu siku ya kurudi usiipeleke pikipiki ikiwa ya baridi. Katalisti haifanyi kazi mpaka ipate moto wa nyuzi mia tatu hivi. Zunguka mjini robo saa au zaidi, fika kituoni injini ikiwa ya moto, na usiizime ukingoje foleni nusu saa. Nimeona pikipiki nzima kabisa zikikataliwa kwa kosa hili tu, na nyingine zilizopitishwa alasiri baada ya kukataliwa asubuhi bila spana kuguswa.

Una mwezi mmoja wa kurudi kwa ukaguzi wa marudio. Ukichelewa, unaanza upya na kulipa upya. Stika yenyewe ni rahisi kuisoma: namba ya katikati ni mwaka, na namba iliyosimama juu kabisa ni mwezi. Askari naye anaisoma hivyohivyo akiwa nyuma yako kwenye taa.

Habari za kazi dada. Mimi ni mfanya usafi wa usiku hospitalini, London. Pikipiki yangu ni ya mwaka 2005, 500cc ya kabureta, na ukaguzi wa MOT inapita kila mwaka. Lakini kwa zamu moja, nikiondoka saa nne usiku na kurudi saa moja asubuhi, nadaiwa tozo ya jiji ya pauni 12.50 mara mbili. Inakuwaje mkaguzi aseme nzima, jiji liseme chafu?

Pole sana kaka. Hii ndiyo barua iliyoniuma kuliko zote.

Mkaguzi na jiji hawaangalii kitu kimoja. MOT ya pikipiki huko Uingereza, inayoanza pikipiki ikifikisha miaka mitatu na kurudi kila mwaka, haipimi moshi kabisa. Mkaguzi anaangalia breki, tairi, taa, usukani, fremu, na kwa upande wa ekzosi anaangalia kama imeshikwa vizuri, haivuji, na haipigi kelele kupita kiasi. Jiji nalo haliangalii pikipiki. Kamera za ULEZ, lile eneo la London linalotoza vyombo vyenye moshi mchafu, zinasoma namba, namba inaleta mwaka wa usajili na kiwango cha Euro, basi. ULEZ ilianza katikati ya London Aprili 2019 na tangu tarehe 29 Agosti 2023 imefunika mitaa yote ya jiji. Pikipiki inatakiwa iwe Euro 3, ambayo kwa kawaida ni iliyosajiliwa kuanzia Julai 2007. Siku inahesabiwa kuanzia saa sita usiku mpaka saa sita usiku, kwa hiyo zamu yako moja inagusa siku mbili. Ukifanya zamu tano mfululizo unalipa siku sita, pauni 75. Kwa mtu anayesafisha sakafu usiku wakati wengine wamelala, hiyo si hela ndogo.

Ila usikimbilie kuiuza. Kwa pikipiki, kipimo ambacho ULEZ inakitazama ni oksidi za naitrojeni, na kikomo cha Euro 3 ni gramu 0.15 kwa kilometa. Gesi hizi huzaliwa pale ambapo moto ndani ya silinda ni mkali sana na hewa ni nyingi kuliko petroli. Injini nyingi za kabureta za miaka yako hufanya kinyume, zinachoma petroli nyingi kwa hewa kidogo. Ndiyo maana zinatoa kaboni monoksaidi tele, lakini oksidi za naitrojeni kidogo. Kwa maneno mengine, pikipiki ambayo ingekataliwa Hamburg inaweza ikapita London.

Fungua kadi yako, ile V5C, tafuta kipengele V.3. Kikiwa na namba ya 0.15 au chini yake, una ushahidi mkononi. Kikiwa kitupu, mwandikie mtengenezaji umwombe cheti cha ulinganifu kinachoonyesha namba hiyo, au tafuta mahali panapopima gesi hiyo kwa pikipiki na kutoa cheti. Kisha peleka nakala kwa TfL, mamlaka ya usafiri ya London, uombe namba yako iandikwe kuwa inakidhi. Watu wamefanikiwa kwa njia hii. Gharama ya kipimo ni kubwa kuliko tozo ya siku, lakini linganisha na tozo za mwezi mzima.

Sisemi hewa safi si kitu. Watoto wa London wanavuta hewa hiyohiyo, na wewe unayeendesha bila kioo mbele ya uso unaivuta kuliko wote. Pikipiki ya Euro 1 iliruhusiwa kutoa gramu 13 za kaboni monoksaidi kwa kilometa, ya Euro 5 inaruhusiwa gramu moja. Tofauti hiyo ni ya kweli na nimeifurahia kila hatua. Ninachokataa ni kumhukumu mtu kwa mwaka ulioandikwa kwenye kadi wakati kipimo kinawezekana, halafu mzigo wa kuthibitisha ukaachiwa mwenye kipato kidogo. Ujerumani maeneo ya mijini yanayoruhusu magari yenye stika ya mazingira tu hayahusu pikipiki kabisa, unaingia na pikipiki ya mwaka wowote. Nchi mbili za bara moja, na wala hakuna aliyeniridhisha kwa nini iwe hivyo.

Shikamoo mama. Nasambaza chakula kwa skuta ya 125 hapa Lyon, imesajiliwa 2020. Wenzangu wengine wanasema ukaguzi ni wa pikipiki kubwa tu, wengine wanasema umefutwa baada ya maandamano. Ukweli ni upi?

Marahaba. Haujafutwa, na skuta yako imo.

Mkanganyiko una sababu. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2014 lilitaka pikipiki zinazozidi 125cc zianze kukaguliwa tarehe 1 Januari 2022, ila nchi ziliruhusiwa kujitoa zikiwa na hatua nyingine za usalama barabarani. Ufaransa ilitoa amri Agosti 2021, waendesha pikipiki wakaipinga wakiongozwa na shirikisho lao, FFMC, Rais Macron akaisimamisha. Kesi ikafika Baraza la Dola, mahakama ya juu ya mambo ya utawala, ambalo mwaka 2022 liliamua ukaguzi urudi. Ulianza rasmi tarehe 15 Aprili 2024, na Ufaransa ikaenda mbali kuliko agizo lenyewe, kwa sababu ukaguzi wao unahusu hadi vipikipiki vya 50cc.

Iliyosajiliwa 2020 au 2021, ukaguzi wake wa kwanza ni mwaka 2026. Baada ya hapo ni kila miaka mitatu. Ukikamatwa huna, faini ya kawaida ni euro 135. Wakikuta kosa kubwa una miezi miwili ya kutengeneza na kurudi. Wakikuta kosa la hatari, ruhusa ya kuendesha inaisha usiku wa siku hiyohiyo.

FFMC wanasema ajali nyingi hazisababishwi na ubovu wa pikipiki, na hoja yao haifai kudharauliwa. Lakini wewe unaendesha kutwa nzima, mvua na jua, na mkoba mzito nyuma. Tairi lako la nyuma linakwisha katikati kabla ya pembeni, likawa bapa, na skuta ikaanza kuyumba ukiingia kona ya mawe yaliyolowa. Pedi za breki zako zinaisha mara mbili ya za mtu anayeendesha Jumapili. Mimi ningekagua skuta ya msambazaji hata kama serikali isingenilazimisha. Angalia tairi na pedi kila wiki, na usikubali kununua skuta iliyofikia umri wa kukaguliwa bila ripoti ya chini ya miezi sita. Muuzaji anawajibika kukupa.

Mama fundi, tuko München, tunapanga safari ya kikundi kupita Tirol, Austria, kiangazi. Mwenzetu anasema pikipiki yake itazuiwa kwa sababu ya kelele ingawa haijabadilishwa kitu. Inawezekana?

Inawezekana kabisa. Tangu Juni 2020, baadhi ya barabara za wilaya ya Reutte, upande wa Tirol, zimefungwa wakati wa msimu kwa pikipiki ambazo kelele yake ikiwa imesimama inazidi desibeli 95. Askari haji na kipimo cha sauti. Anaangalia kadi, kipengele U.1. Ikiandikwa 96, mnageuza, hata kama ekzosi ni ya kiwandani na hata kama leo inalia kwa upole. Someni U.1 za wote kabla ya kuchora njia, kwa sababu kikundi kinaweza kupita na mmoja akabaki mpakani. Zipo njia nyingine nzuri za kupita milimani zisizo na katazo hilo.

Habari Fundi. Nahamia Köln kutoka Rotterdam na pikipiki yangu ya 750cc ya mwaka 2011. Haijawahi kukaguliwa hata mara moja na sijawahi kusumbuliwa. Niipeleke tu?

Hukusumbuliwa kwa sababu Uholanzi haina ukaguzi wa mara kwa mara wa pikipiki. Finland vilevile. Italia na Hispania wanaanza baada ya miaka minne, kisha kila miaka miwili. Kwa hiyo huna ripoti yoyote ya Uholanzi ambayo Ujerumani inaweza kuitambua, na kusajili Köln utahitaji kupita ukaguzi wa Kijerumani kwanza, pamoja na moshi.

Fanya kazi ukiwa bado Rotterdam. Tafuta cheti cha ulinganifu cha mtengenezaji, kama kimepotea agiza kingine mapema. Rudisha kila kilichobadilishwa: ekzosi, vioo, taa za kukunja kona, kishikio cha namba kilichokatwa, na kama una vifaa visivyo vya asili tafuta karatasi za idhini zake. Angalia tarehe ya kutengenezwa kwenye ubavu wa tairi, namba nne ambazo mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Pikipiki isiyokaguliwa miaka yote hiyo mara nyingi ina tairi lenye kashata nzuri lakini mpira umekauka na kupasuka pembeni. Badilisha mafuta ya breki pia. Yakiwa meusi kama chai ya rangi, yamekaa mno.

Ukifika, weka miadi ya ukaguzi kabla ya miadi ya usajili, na uende na kadi yako ya Kiholanzi kamili, sehemu zake zote.