Mshipa wa kulia wa moyo hauonekani mahali pake: tuendelee kutafuta?

Swali: Daktari, mgonjwa wetu wa miaka 54 alifika akiwa na maumivu ya kifua ya saa mbili, na kwenye ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ST zimepanda kwenye II, III na aVF, dalili kwamba ukuta wa chini wa moyo unakosa damu. Mishipa ya kushoto tuliiona. Wa kulia tuliutafuta dakika 20 kwa katheta (mrija mwembamba) ya Judkins ya kulia bila kuupata. Hapo mtu aendelee, au atoe dawa ya kuyeyusha bonge la damu?

Jibu: Mwenzangu, anzeni kwa kuzirudia picha za kushoto. Kwa baadhi ya watu ukuta wa chini wa moyo hulishwa na mshipa wa mzunguko (tawi la mshipa wa kushoto), na tawi lililoziba pale pale linapochipuka haliachi hata kisiki kwenye picha. Ni rahisi mno kulipita.

Kama kushoto kweli ni kusafi, wekeni chini katheta hiyo. Dakika 20 za kuchokonoa sehemu ile ile ni misuli ya moyo inayokufa, na hili hunisumbua kila ninapolisikia. Ingizeni katheta ya mkia wa nguruwe (yenye ncha iliyojikunja), mpige picha ya mzizi wa aota (ateri kuu itokayo moyoni) kwa mililita 30 hadi 40 za dawa ya rangi. Mara nyingi mdomo uliopotea wa mshipa wa kulia utauona upande wa kushoto, juu kidogo na mbele ya shina la mshipa wa kushoto. Sasa jaribuni katheta ya Amplatz ya kushoto, au Judkins ya kushoto iliyo kubwa kwa saizi moja, ncha ikielekea mbele. Msilazimishe: kuchana shina la kushoto ni msiba mkubwa kuliko ule mnaoutibu. Katheta ikiyumba, katheta ya kurefusha inayopitishwa ndani yake huleta uthabiti.

Mkishindwa hata baada ya hapo, na maumivu hayajafikisha saa 12 wala hakuna sababu ya kumkataza mgonjwa dawa hiyo, toeni dawa ya kuyeyusha bonge. Si kusalimu amri. Ila heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) mliyokwisha kumpa inaongeza hatari ya kuvuja damu. Ndiyo maana napendelea kuingilia kifundo cha mkono, panapobanwa kwa urahisi.

Akitulia, apigwe CT ya mishipa ya moyo. Stenti (kijimrija cha wavu kinachoachwa ndani ya mshipa) hufungua palipoziba tu. Mshipa unaopita kati ya aota na ateri ya mapafu, unakoweza kubanwa, unabaki pale pale, na unahitaji kujadiliwa na wapasuaji. Kwenye faili lake andikeni mshipa ulikochipukia na katheta iliyoufikia.