Bendi ya mama imekwama 01-01? Hio saa ni ya kuazima

Dada wa Nakuru, nimesoma swali lako mara mbili ndio nielewe. Ulinunulia mama bendi ya mkononi ya kuhesabu hatua, ukaifunga na simu yako hapo Nakuru, ikakaa poa wiki mbili, mama akarudi nayo Kakamega, chaji ikaisha, na alipoichaji tena ikaamka inasema 00:00 tarehe 01-01 na tangu hapo inaenda na saa yake ya ajabu. Na mama ako na kabambe tu, ile simu ndogo ya kupiga na meseji. Na umekuwa ukimwambia kwa simu abonyeze pale pa kugusa, abonyeze kwa nguvu, mpaka kidole kimemuuma. Mwambie apumzike, hapo hakuna kitu cha kubonyeza.

Mimi niko Kisumu na hii maneno ilinisumbua karibu miezi mitatu kwa hivyo nitaandika ndefu kidogo, mnivumilie. Na yule aliyekujibu ati rudisha dukani, usirudishe.

Kitu ambayo hakuna mtu aliniambia wakati nanunua ni kwamba bendi nyingi za aina hii hazina mahali pa kuweka saa. Si kama zile saa za wazee wetu unavuta kale kafundo ka pembeni unazungusha. Ndani iko na kijiwe kidogo cha kwatsi kinatetemeka mara 32,768 kwa sekunde, ile ile iko ndani ya saa ya ukutani ya betri, kwa hivyo ikishaambiwa ni saa ngapi itaendelea kuhesabu yenyewe vizuri tu, ikikosea ni kama sekunde moja ama mbili kwa siku. Lakini kuambiwa lazima iambiwe, na mwenye kuiambia ni simu kupitia apu yake. Sasa betri ikikauka kabisa ile hesabu inakatika, ikiamka haijui ni lini, inaanzia pale waliiambia ianzie kiwandani na mara nyingi ni 1 Januari ya mwaka fulani. Ya mama haijaharibika, imepoteza hesabu tu na haina wa kuiuliza.

Sasa yangu mimi. Kliniki waliniambia presha imepanda nianze kutembea, nikanunua bendi ya bei ya chini, ile unang'oa kamba unachomeka mwili wake kwa USB ndio ichaji. Siku hizo hizo nilikuwa nimechukua simu ya mtumba iliyotoka China. Simu ilikuja saa ikiwa mbele, na mimi kwa ujuaji wangu nikaingia setingi, nikazima ile ya saa otomatiki, nikaandika saa ya Kisumu kwa mkono, nikaona imekubali nikasahau. Kumbe pale chini yake palipoandikwa saa za eneo pamebaki Beijing.

Sisi ni GMT+3, yaani saa tatu mbele ya GMT, ile saa ya kipimo ya dunia, wao ni +8, kwa hivyo wako mbele yetu saa tano kamili. Kwa hivyo simu usoni inasema saa kumi na mbili jioni kama ya kila mtu lakini rohoni inajua iko China. Dalili zilikuwepo nikazipuuza, meseji za WhatsApp zilikuwa zinaingia zimeandikwa 23:00 na jua bado liko juu ya ziwa, nikadhani ni simu za wale wanaonitumia ndio mbovu. Watu wote isipokuwa mimi, unaona.

Bendi nayo, apu yake naona ilikataa kuamini ile saa niliandika kwa mkono, ikachukua ya intaneti ikajumlishia ya Beijing, ikawa inasoma saa tano mbele. Nikasema potelea mbali, saa ninayo kwa simu, kwa bendi mi nataka hatua tu. Hapo ndio nilijikaanga, kwa sababu bendi huanza hesabu upya ikifika saa sita usiku, na ni saa sita usiku yake, haijali yako. Saa sita usiku ya Beijing hapa kwetu ni saa moja jioni.

Mimi hutembea jioni nikitoka kazi, Nyalenda mpaka Dunga na kurudi, na huwa nafika kwa mlango taarifa ya habari ya saa moja ikianza. Kila siku hivyo. Nikiwa pale kwa kioski cha kona naangalia, 8,900 na kitu, nafurahi, natembea hatua chache, nafungua mlango, navua viatu, nainua mkono nimuonyeshe bibi. 14. Kumi na nne! Akaniuliza hio Dunga ni gani iko hatua kumi na nne kutoka kwa kochi. Kesho yake ikasema 9. Wiki nzima nilikuwa naitwa mkimbiaji hapo nyumbani, hadi watoto. Na ukifungua upande wa usingizi apu inasema nalala saa tisa usiku naamka saa nne na nusu asubuhi kama mwanafunzi wa kampasi, wakati mimi saa nne usiku niko kitandani na kumi na moja na nusu niko macho.

Aliyenitoa hapo ni kijana fundi wa simu pale Kondele, na hata bendi hakuishika. Aliuliza tu, iko mbele ama nyuma? Mbele. Kwa saa ngapi? Tano. Akacheka, akasema hio ni China, lete simu. Akawasha tarehe na saa otomatiki, akawasha na ya saa za eneo otomatiki, ikaandika Nairobi yenyewe, akafungua apu akavuta ule ukurasa wa kwanza kwenda chini kwa kidole mpaka kale kaduara kakazunguka, bendi ikatetemeka kidogo mkononi na saa ikakaa. Mia moja kwa kazi ya sekunde ishirini na sikulalamika.

Tangu hapo mtu akiniletea bendi siulizi ni ya kampuni gani, nauliza imepotea kwa saa ngapi, juu hio tofauti ndio inakuambia ugonjwa uko wapi. Nyuma saa tatu kamili, simu ama apu imekaa kwa GMT. Nyuma saa mbili, pengine mtu alichagua London wakati huko wako kwa saa zao za kiangazi, wao husongesha saa mbele mwezi wa tatu wakairudisha mwezi wa kumi, sisi hapa hatunanga hio kazi. Kuna rafiki yangu dereva wa trela, bendi yake hurudi nyuma saa moja akiingia Rwanda, huo si ugonjwa, Kigali ndio iko hivyo, lakini kutoka Malaba mpaka Kampala haibadiliki kitu maana Uganda na sisi tunatumia saa zile zile. Ikipotea kwa saa kumi na mbili ni mtu aliandika kwa mkono akachanganya AM na PM. Ikiwa ni dakika saba, dakika kumi na tisa, vitu havina mpango, hio haijaongea na simu siku nyingi ama ilizima ikawaka bila wewe kujua. Na kama saa iko sawa lakini tarehe imeruka mbele, angalia kama kuna mtoto hushika hio simu. Wangu alikuwa anasongesha tarehe ndio gemu imrudishie maisha haraka, nikajikuta na hatua za Alhamisi na bado ni Jumanne.

Sasa ikiwa ni saa sita kamili, usiguse kitu, kwanza uliza nani anasoma. Mama yangu ako Luanda, hii ya Vihiga, yeye pia nilimpelekea bendi, na akanipigia ati ni mbovu inasema 13:00 na kila mtu anajua ni saa saba. Nilicheka halafu nikaona ako na haki. Saa ya ukutani anaisoma bila shida, mshale mfupi uko kwa moja yeye anasema saba, macho yanaruka upande wa pili yenyewe tangu akiwa msichana, sasa 13:00 upande wake wa pili uko wapi? Kwa hivyo ndani ya apu tafuta pale pa kuchagua saa 12 ama saa 24, weka 12, angalau isome 1:00. Na kama bendi iko na uso wa mishale mpatie huo, mambo yanaisha hapo. Kuna mzee jirani yake aliniambia tuidanganye, niweke simu Buenos Aires kule Argentina, iko nyuma yetu saa sita kamili, na bendi itasoma Kiswahili. Nilijaribu na wallahi inafanya, saa saba mchana inasoma 7:00. Lakini sasa siku ya bendi ilikuwa inaanza kwetu ikiwa saa kumi na mbili asubuhi, na mama huamka saa kumi na moja kukamua, kwa hivyo zile hatua zote za zizini zilikuwa zinaandikwa jana. Na mimi mwenyewe nikasahau kurudisha simu Nairobi kabla ya kulala, kengele yangu ya 5:30 ikalia 11:30, kazini walishanipigia mara nne. Usijaribu na simu unayotegemea.

Haya, mama wa Kakamega. Anahitaji smatifoni mara moja tu, ya mtu yeyote, binamu, mjukuu, mwalimu jirani. Si lazima wewe usafiri. Kwanza wewe fungua apu kwa simu yako uiondoe hio bendi, maana nyingi hushika simu moja kwa wakati na kuna zingine zikishafungwa na simu zinakataa mpya mpaka uziondoe, zikizidi kukataa kwa menyu ya bendi yenyewe huwa kuna pa kuirudisha kama mpya, atapoteza hatua za zamani lakini si anazijua. Halafu huyo binamu ashushe apu ile ile, jina liko kwa kile kijikaratasi cha ndani ya boksi ama mtumie wewe. Bando itaenda kwa kushusha apu na pengine kufungua akaunti, saa yenyewe inapita kwa Bluetooth na hio haili bando.

Kabla aifungue ahakikishe simu yake mwenyewe iko sawa, tarehe na saa otomatiki, eneo Nairobi, la sivyo atampatia mama makosa yake. Na hapa ndio wengi hukwama: asiende kwa setingi za Bluetooth za simu kutafuta bendi huko. Bluetooth awashe tu atoke, bendi aitafute ndani ya apu, akiifunga kule nje unakuta apu inatafuta haiioni na watu wanaanza kusema bendi imekufa. Kama bado haionekani awashe lokesheni, Android za 6 mpaka 11 haziruhusu apu kutafuta vitu vya Bluetooth kama lokesheni imezimwa, si wizi, ndio mfumo uko hivyo. Ya 12 kwenda juu itamuuliza ruhusa ya vifaa vilivyo karibu, akubali. Bendi ikae karibu na simu, iwe na chaji nusu hivi, avute ukurasa chini, angoje.

Ikishakaa binamu anaweza kwenda na simu yake, bendi haimhitaji tena kila siku. Isipokuwa isizime. Mimi nilimwambia mama Jumapili akitoka kanisa aichomeke kwa chaja ya kabambe akipika chai, ikijaa anavaa, asingoje ile picha ya betri nyekundu, juu stima ikipotea siku mbili huko ndio mnarudi 01-01. Kama ya mama yako kamba haing'oki usimwambie avute, hizo huwa na waya yao ya kuchaji ya sumaku, usije ukamfanya avunje.

Na kabla binamu hajaondoka mama asome kwa sauti saa na pia siku. Mimi ya mama yangu niliirekebisha nikiwa steji ya Luanda nangoja matatu, nikaona saa iko sawa nikampa mama, nikaingia gari. Niko Maseno akapiga, huku ni Jumapili na hii inasema Jumanne. Yule mtoto wangu wa gemu alikuwa ameshika simu yangu tena asubuhi. Nikashuka nikavuka barabara nikangoja ya kurudi.