Cleave: kitenzi cha Kiingereza kinachopasua na kushikamanisha

Ukikutana na "cleave" kwenye maandishi ya Kiingereza, tazama kwanza neno linalofuata. Likiwa "to", au "unto" ya zamani, maana yake ni kushikamana, kuambatana, kung'ang'ania. Kikifuatwa moja kwa moja na kitu, au na "through", ni kupasua: "the axe cleaves the log", shoka lapasua gogo.

Sisi tumezoea kitenzi kuonyesha kinyume chake mkiani: bandika, bandua, ganda, gandua. Hapa mkia haupo, kwa sababu haya ni maneno mawili tangu asili. Kiingereza cha kale kilisema "clēofan" kwa kupasua na "clifian" kwa kushikamana, matamshi yakasogeleana mpaka yakawa moja.

Katika Biblia ya King James ya 1611, Mwanzo 2:24, mwanamume "shall cleave unto his wife". Biblia ya Kiswahili inasema "ataambatana na mkewe", na ndivyo hasa. Mtafsiri asiyeiona hiyo "unto" atawapasua maharusi. Ulimi wa Zaburi 137:6 nao unagandamana na kaakaa, haupasuki.

Wakati uliopita ndio wenye kero. Kwa kushikamana andika "cleaved" basi. "Clave" ya Ruthu 1:14 iache humo humo. Kwa kupasua zipo "cleaved", "cleft" na "clove", na ukiwa huna uhakika, "cleaved" haikuangushi. Ila kuna misemo iliyokwisha kukauka: kwato za mbuzi ni "cloven", mdomo wa mtu uliopasuka tangu kuzaliwa, uitwao mdomo wa sungura, ni "cleft lip". Usizibadilishane. Katika mazungumzo ya kawaida tumia "split" na "stick to"; "cleave" inanukia kanisa na mashairi.

Hiyo "clove" inaponza watafsiri wa mapishi. "Two cloves of garlic" ni punje mbili za kitunguu saumu, neno la ukoo wa kupasua, maana kichwa cha saumu hugawanyika. Karafuu ya Pemba huandikwa vilevile, lakini jina hilo limetoka kwenye "clou" ya Kifaransa, yaani msumari. Itazame kikonyo na kichwa chake utaona kwa nini. Kwenye pilau vyote viwili vimo, hivyo kosa halijulikani mpaka mtu aonje. Ukiona "peeled" au "minced", ni saumu: karafuu haimenywi.